Kukaa Ndani ya Mvumo: Maneno Kabla ya Kusikiliza 3R4

Ndugu wapenzi wa muziki, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja.

Najua wengi wenu mmevutwa na jina la Wire, kundi la panki la London. Mnaolijua kundi hilo mmezoea gitaa linalokata kama msumeno na nyimbo zinazokwisha kabla hujakaa vizuri kitini. Jioni hii hamtapata hayo, na ni haki yenu kuambiwa mapema. Tutasikiliza santuri moja, mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Inaitwa 3R4. Ilitolewa mwaka 1980 na lebo ya 4AD, kampuni ya santuri ya London, na wenye kazi ni wawili kati ya wanne wa Wire: Bruce Gilbert, mpiga gitaa, na Graham Lewis, mpiga besi. Hakuna ubeti wa kushika wala kiitikio cha kuitikia, na mdundo ukijitokeza hautawainua kucheza. Kuna mvumo.

Nalipenda neno hilo na nitalitumia jioni nzima. Waingereza huuita muziki wa namna hii kwa jina lilelile wanalomwita nyuki dume, drone. Sisi tuna kitenzi kipana zaidi. Upepo huvuma. Bahari huvuma. Nyuki huvuma mzingani. Ngoma huvuma, na ikiisha kuvuma, habari zake nazo huvuma. Lakini methali zetu hazikuutendea mvumo wema. Debe tupu haliachi kuvuma, tunaambiwa, na nimeshaisikia methali hiyo ikirushwa usoni mwa muziki huu mara nyingi: hawa jamaa hawana la kusema, ndiyo maana wanavuma tu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu, maana linaniuma. Debe huvuma kwa kuwa ni tupu, kweli. Na ngoma je? Ndani ni tupu. Tumbo la gitaa la mbao ni tupu. Hata chumba hiki tulimokaa, ukituondoa sisi na viti, ni tupu. Sauti haina pa kukaa isipokuwa mahali palipoachwa wazi, na Gilbert na Lewis waliliacha debe lao wazi kwa makusudi.

Turudi nyuma kidogo ili mwone walikotoka.

Wire walianza London mwaka 1976, panki, ule muziki wa magitaa wa haraka na wa kelele, ilipokuwa inawaka. Hawakuwa mafundi wa muziki. Gilbert alizaliwa mwaka 1946, kwa hiyo alikuwa na miaka 30, mtu mzima katikati ya vijana. Kazi yake ilikuwa fundi wa vifaa vya sauti na picha katika chuo cha sanaa cha Watford. Lewis alikuwa amesomea ubunifu wa mavazi na vitambaa. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1977, ina nyimbo 21 ndani ya dakika 35 na ushei. Mmoja wa nyimbo hizo una sekunde 28. Maneno yakiisha, wimbo umekwisha; hawakuona sababu ya kurudia kitu ili tu kijaze dakika tatu. Mwaka uliofuata wakatoa albamu nyingine, na mwaka 1979 ya tatu, waliyoipa jina 154 kwa hesabu ya maonyesho waliyokuwa wamefanya mpaka hapo. Katika hiyo ya tatu kuna wimbo unaokaribia dakika 7. Miaka miwili tu, kutoka sekunde 28.

Wakati huo panki yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Sex Pistols, kundi lake maarufu, walisambaratika Januari 1978. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilipasuka hadharani, vipande vikaruka kila upande. Waandishi wa muziki wakavikusanya vipande hivyo chini ya jina moja, muziki wa baada ya panki, ingawa kwa kweli havikufanana. John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, aliunda kundi jipya, Public Image Ltd, na mwaka 1979 wakatoa Metal Box, santuri tatu ndani ya kopo la chuma. Baada ya besi nzito na malalamiko yote, kazi ile inamalizikia kwenye kipande tulivu cha sintesaiza, bila mwimbaji. Kundi jingine, This Heat, walihamia katika lililokuwa ghala la baridi la nyama huko Brixton na kuligeuza kuwa pa kurekodia. Mnaona mwelekeo. Watu walioanza kwa kupiga kelele walikuwa wameanza kusikiliza vyumba.

Wire nao wakafika mwisho wa awamu yao ya kwanza mwaka 1980. Februari mwaka huo walipanda jukwaani Electric Ballroom, London, wakiwa na vituko vingi na nyimbo ambazo wengi hawakuwahi kuzisikia. Sehemu ya hadhira ilikasirika. Rekodi ya usiku ule ipo, na hasira za watu zinasikika humo waziwazi. Mimi huichukulia rekodi ile kama utangulizi wa santuri ya leo. Fikiria umesimama mbele ya watu wanaodai uwe vilevile ulivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Unaweza kuwapa wanachotaka. Unaweza kuacha muziki. Gilbert na Lewis waliingia studio na kuanza kuondoa vitu.

Katika miaka ile kazi zao nyingi zilifanyika Blackwing, studio iliyokuwa ndani ya jengo la kanisa lililoacha kutumika kwa ibada, kusini-mashariki mwa London, mhandisi wao akiwa Eric Radcliffe. Studio za wakati huo zilirekodi kwenye kanda za sumaku, na kanda ni kitu unachoweza kukishika kwa mkono. Unaikata kwa wembe, unaunganisha kichwa na mkia, inakuwa duara linalojirudia mpaka uchoke wewe. Ukiipunguza mwendo kwa nusu, sauti inashuka oktava nzima na urefu wake unakuwa mara mbili. Chukua pigo moja la nyuzi za gitaa, lishushe hivyo mara mbili au tatu, na pale mwanzo, kidole kilipogusa uzi, panazama. Kinachobaki ni mwili wa sauti, mzito, usiojulikana ulikotoka. Huhitaji kujua kupanga noti hata mbili za gitaa kufanya hivyo. Unahitaji sikio na subira. Mtu aliyewahi kuwa fundi wa vifaa vya sauti chuoni ana vyote viwili.

Mvumo katika muziki wa magitaa haukuanzia hapo, lazima niseme. John Cale, kijana wa Wales, alifika Marekani mwaka 1963 na huko New York akaingia kundi la La Monte Young, mtunzi ambaye mwaka 1960 alikuwa ameandika kazi yenye noti mbili tu na agizo kwamba zishikiliwe muda mrefu. Cale alilisawazisha daraja la fidla yake ya viola, kile kibao kinachobeba nyuzi, ili aweze kupitisha upinde juu ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, akatia na nyuzi za gitaa. Kisha akaichukua sauti ile akaipeleka Velvet Underground, kundi la roki la New York. Vijana wengi wa panki walilelewa na santuri za Velvet Underground. Kwa hiyo mvumo ulikuwa umelala ndani ya panki tangu mwanzo, chini ya kelele, ukingoja kelele zipungue.

Tena hata bila Cale wangeufikia. Yeyote aliyesimama jukwaani na amplifaya anaujua mlio ule kabla wimbo haujaanza. Umeme wa Uingereza hubadilika mara 50 kwa sekunde, na kifaa cha umeme huuimba mtikisiko huo kwa sauti ya chini, pamoja na ndugu yake wa mara 100. Gilbert na Lewis walisikia mlio huo katika maonyesho zaidi ya 150, kila usiku, kati ya wimbo na wimbo. Mafundi wa jukwaa hupambana kuuondoa. Mimi huwaza kwamba wawili hawa usiku mmoja walijiuliza: na kama huu ndio wimbo?

Sasa santuri yenyewe. Kila upande unafunguliwa na kipande kifupi, na vyote viwili vina jina moja: Barge Calm, utulivu wa tishari. Kikiisha kipande hicho kifupi, kinafuata kirefu. Upande wa kwanza ni kile kilichoandikwa kwa tarakimu, tatu na nne na nukta. Upande wa pili ni R, herufi moja peke yake, na ndicho kirefu kuliko vyote. Mimi huviona vile vifupi kama vizingiti vya mlango. Unakanyaga, unaingia, na chumba cha ndani ni kikubwa kuliko ulivyodhani ukiwa nje. Na hilo jina la tishari sijaliona la bahati. Tishari halina haraka, limebeba mzigo, na maji hayalipigii kelele.

Sitawaeleza kila kinachotokea humo. Nitasema tu kwamba si muziki wa kubembeleza. Watu wakisikia neno ambienti hudhani ni muziki wa kulalia. Chanzo cha fikra hiyo wengi mnakijua: Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza, amelala kitandani mwaka 1975 baada ya ajali, rafiki yake akamletea santuri ya kinubi, sauti ikawa chini mno, spika moja haifanyi kazi, nje mvua inanyesha, naye hana nguvu ya kuinuka. Akasikia kinubi na mvua vikiwa kitu kimoja. Baadaye, mwaka 1978, alilipa jambo hilo jina la ambienti na kulitaka liwe muziki unaoweza kuupuuza kama unavyoweza kuufuatilia.

Rafiki huyo jina lake ni Judy Nylon, na hapa nataka nitulie kidogo, maana hadithi hii husimuliwa kana kwamba alikuwa tarishi wa santuri tu. Yeye mwenyewe amesimulia vingine: kwamba alikuwa anaipima ile sauti kwa makusudi, kinubi kwa upande mmoja na mvua kwa upande mwingine, na kwamba walisaidiana kuisawazisha. Namwamini. Na Judy Nylon ni nani? Ni nusu ya Snatch, wanawake wawili waliopiga panki London. Mkono uliokuwa kwenye kitufe cha sauti siku ile, siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa muziki huu wa utulivu, ulikuwa mkono wa panki. Nikiambiwa mvumo ni usaliti wa panki, humtaja yeye kwanza.

Lakini 3R4 haipuuziki. Iko chini, iko polepole, na bado ina jicho linalokutazama. Kuna vitu kama chuma vinavyosogea kwa mbali. Kuna sauti inayokaribia kuwa ya binadamu halafu haiwi. Ukiiweka huku unafanya kazi nyingine itakukera, kwa kuwa itakuwa inakuita na wewe huitiki. Mara yangu ya kwanza niliisikiliza hivyo, nikiwa naandika, na baada ya dakika kumi niliizima kwa hasira. Mara ya pili nilitumia hedifoni, sauti juu, nikitafuta siri iliyofichwa ndani. Nilitoka na kichwa kizito. Mara ya tatu ilikuwa usiku, spika za kawaida, sauti ya kiasi cha mtu anayezungumza chumba cha pili. Nilikaa sakafuni. Katikati ya R nikainuka kwenda kufunga dirisha, na muziki ukabadilika.

Sikuwa nimegusa chochote. Nilirudi nilipokuwa, ukarudi ulivyokuwa. Nikasogea ukutani, ukanenepa. Nikasimama katikati ya chumba, sauti moja ya chini ikatoweka kabisa, na nyingine ya juu yake, ambayo sikuwahi kuisikia, ikajitokeza wazi.

Maelezo yake ni mepesi na yanapendeza. Sauti yenye mitikisiko 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Chumba cha kawaida ni kifupi kuliko hapo, kwa hiyo wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lingine linalokuja. Pale yanaposukumana pamoja, sauti inajaa. Pale yanapopingana, inapungua hata kupotea. Wimbo wenye noti za mbiombio haukupi nafasi ya kuliona hilo, kwa kuwa kabla chumba hakijajipanga noti imeshabadilika. Mvumo unangoja. Unakipa chumba muda wa kujibu. Kwa maana hiyo hakuna watu wawili hapa watakaosikia santuri ileile leo. Aliye kona ile atapata besi nyingi kuliko aliye mstari wa kati.

Na kuna jingine. Sauti mbili zinazokaribiana, tuseme moja ya mitikisiko 110 na nyingine 111, zikipigwa pamoja huzaa pigo la tatu, linalopanda na kushuka mara moja kila sekunde. Pigo hilo hakulipiga mtu. Limetokana na tofauti kati ya hizo mbili. Mkisikia jioni hii mdundo wa taratibu unaopumua ndani ya mvumo, halafu mkamtafuta mpigaji wake mkamkosa, huenda ni huo.

Tena masikio yetu yana tabia ya kuacha kusikia kinachodumu. Jokofu likinguruma nyumbani husikii. Likizima, ndipo unagundua lilikuwa linanguruma. Mvumo mzuri unacheza na tabia hiyo. Unakaa mpaka uusahau, kisha unatoa uzi mmoja, mwembamba tu, na wewe unashtuka kama mtu aliyeguswa begani. Mwanamuziki aliyejifunza kuandika wimbo wa sekunde 28 anajua thamani ya kuondoa kitu. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kazi hii ingekuwa ngumu kufanywa na watu waliokuja kutoka kwenye utulivu. Hawa walikuja kutoka kwenye ufupi. Wanajua kila sekunde inagharimu nini.

Panki iliahidi kwamba mtu yeyote anaweza. Shika gitaa, jifunze vidole viwili vitatu, panda jukwaani. Ahadi nzuri, na naiheshimu mpaka leo, ila ilibakiza jukwaa palepale. Kulikuwa na aliye juu na walio chini, na walio chini kazi yao ilikuwa kurukaruka. Katika mvumo, mwenye kusikiliza anapewa kazi. Ukigeuza kichwa, umepiga noti. Ukiamua kufuata sauti ya chini badala ya ya juu, umepanga wimbo upya. Gilbert na Lewis hawakuiacha ahadi ya panki. Waliitoa jukwaani wakaileta mpaka kwenye kiti chako.

Nao walilijua hilo, kwa kuwa mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa macho ya watu. Kiangazi cha 1981, pamoja na msanii wa picha Russell Mills, walichukua Waterloo Gallery, London, wakatengeneza vyombo kutokana na vitu walivyovikuta palepale, na wageni wakaalikwa kuvipiga. Rekodi iliyotokana na kazi hiyo, MZUI, ilitoka mwaka 1982. Wanaosikika humo wengi wao ni watu waliopita tu mlangoni. Hatuna muda wa kuisikiliza leo, lakini atakayeipenda 3R4 aitafute. Na asiyepata santuri hii ya leo, vipande vyake vilikusanywa pamoja na vingine katika mkusanyo uitwao 8 Time, mwaka 1988, lebo ileile.

Basi tujiandae. Nimeweka sauti chini kidogo kuliko mlivyozoea. Tafadhali asije mtu kuniomba niongeze, angalau mpaka upande wa kwanza uishe. Simu zizimwe kabisa, kwa sababu hata mtetemo wake mezani utaingia kwenye muziki nasi hatutaweza kuutenganisha. Anayetaka kufumba macho afumbe. Anayetaka kulala chini, mkeka uko nyuma. Ninachowaomba hasa ni kwamba mkifika R, yeyote mwenye nguvu ya kusimama asimame, atembee taratibu kuelekea ukuta wowote, akae hapo kidogo, kisha arudi kwa njia nyingine. Vueni viatu ili nyayo zisisikike.

Upande wa pili ukiisha sindano itabaki kwenye mfereji wa mwisho, inazunguka. Sitaiinua mara moja. Mlio ule wa sindano, pamoja na feni, pamoja na pumzi zetu, nao tutausikiliza kwa dakika moja. Halafu nitawasha taa, na anayetaka kuzungumza atazungumza.

Mwenzangu aliye karibu na swichi, tafadhali.